CHUMVI NA MIMEA: KWA NINI MBOLEA HUUNGUZA MBEGU

Ndugu mkulima, huenda msimu mmoja ulipanda mahindi, ukatia mbolea, mvua ikakawia, na mashimo mengi hayakuota. Ulipofukua ulikuta mbegu imesinyaa, na kijizizi chake kimekuwa cha kahawia kama kilichoungua. Ukailaumu mbegu. Lakini huenda mbegu ilikuwa nzuri. Mbolea ya dukani huitwa mbolea ya chumvichumvi, na jina hilo ni la kweli. Leo tujifunze chumvi inavyotenda kazi ndani ya mmea.

Jaribio la jikoni

Kata vipande viwili vyembamba vya kiazi. Kimoja kitie katika maji matupu, na cha pili katika bilauri ya maji uliyokoroga vijiko viwili vya chumvi. Baada ya saa mbili vipinde. Cha kwanza ni kigumu, cha pili kimelegea.

Sababu ni hii. Kila mmea umejengwa kwa vijumba vidogo mno viitwavyo seli. Kila seli ina maji ndani, na ngozi nyembamba ipitishayo maji. Maji huelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi. Basi chumvi ikizidi nje, seli hunyang'anywa maji yake. Hivyo mbegu yaweza kufa kwa kiu hali udongo una unyevu.

Mimea iivumiliayo chumvi

Huko Gazi na Lamu, mikoko husimama katika maji ya bahari, ambayo kila lita moja ina chumvi kama gramu 35. Mimea ya namna hii ina njia tatu:

1. Kuzuia mlangoni. Mizizi ya mkoko huacha maji yapite, na kuzuia sehemu kubwa ya chumvi.

2. Kufungia ghalani. Katikati ya seli kuna mfuko wa maji. Chumvi iliyoingia husukumwa humo na kufungiwa, isiharibu kazi za seli. Nje ya mfuko huo, seli hujitengenezea vitu visivyodhuru vya kushikilia maji yake.

3. Kuitupa nje. Mti wa mchu hutoa chumvi kwa vitundu vya majani. Ukilamba jani utaionja. Hata nyasi za Rhodes, tunazowalisha ng'ombe, zina vijitundu kama hivyo.

Kazi hizi zote hula nguvu za mmea. Mahindi hayana uwezo mkubwa wa kuzifanya, na maharagwe ni dhaifu zaidi.

Mashamba yetu ya Bomet

Usidhani kwamba udongo wetu umejaa chumvi. Mvua nyingi huiosha na kuipeleka chini. Taabu ya mashamba mengi ya huku ni uchachu wa udongo, nao ni jambo jingine. Chai hupenda udongo mchachu. Mahindi na maharagwe huumia ukizidi. Pima udongo kwanza, ndipo utie chokaa kwa kadiri utakavyoshauriwa. Shamba la chai usilitie chokaa.

Basi chumvi itakayodhuru mimea yako ni ile uliyoiweka kwa mkono wako, mahali pamoja, karibu na mbegu. Fanya hivi:

1. Tia mbolea ndani ya shimo kwa kipimo, kama kifuniko kimoja cha soda. Usikisie kwa kiganja.

2. Ifunike kwa udongo wa unene wa vidole viwili au vitatu, kisha weka mbegu juu yake. Mbegu na mbolea zisigusane.

3. Panda udongo ukiwa na unyevu wa kutosha. Mvua ikiwa haba, chumvi hukaa kali palepale.

4. Mbolea ya kukuzia iweke kando ya shina, upana wa kiganja, wala usiimwage juu ya majani.

Mikoko imejaliwa ghala la chumvi ndani ya seli zake. Mahindi yako yanakutegemea wewe. Kabla ya mvua zijazo, fanyeni jaribio la kiazi pamoja na watoto na wote wanaokusaidia kupanda, ili kila mmoja ajue sababu ya kufunika mbolea.