Ngozi Itokayo kwa Kano za Ng'ombe

Je, umewahi kupika supu ya miguu ya ng'ombe ukaiacha katika sufuria hadi asubuhi? Ukifunua kifuniko, utaikuta imeganda, inatetemeka. Kilichoigandisha ni kolajeni, protini iliyojaa katika kano, mifupa na ngozi, ambayo ikichemshwa sana huyeyuka ikawa kama gundi. Tuliposoma mada ya ngozi darasani tulichora mchoro, tukataja sehemu zake, basi, kengele ikalia. Mimi sikutosheka. Nilijitoma maktabani nijue kama ngozi iliyoungua yaweza kutengenezwa upya, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tukumbushane. Ngozi ina matabaka mawili. La juu, epidemisi, ni jembamba mno, aghalabu kama sehemu ya kumi tu ya milimita. Chini yake kuna demisi, nene zaidi, yenye mishipa ya damu, neva, tezi za jasho na mizizi ya nywele. Humo ndimo kolajeni ilimosheheni, nyuzi tatu tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba ya katani. Ukichubuka goti uwanjani, epidemisi huota tena wala hutasumbuka. Lakini demisi ikiteketea yote, haioti. Mwili hufanya kazi ya dharura: huvuta kingo za kidonda zikaribiane, kisha huziba pengo kwa kovu.

Hapo ndipo penye balaa. Mtaani kwetu yuko mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto akiwa na miaka miwili. (Watu walimkimbizia dawa ya meno! Kumbe kinachotakiwa ni maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali.) Kidonda kilifunga, majirani wakamshukuru Mungu. Kovu nalo likaendelea kuvuta kama mshipi unaokazwa, na leo kiwiko chake cha kulia hakinyooki. Kwa hivyo mtu akikwambia fulani amepona moto, muulize amepona vipi.

Tiba ya miaka mingi, nayo hutumika hata katika hospitali zetu, ni kupandikiza: daktari hukwangua ngozi nyembamba pajani mwa mgonjwa mwenyewe akailaza juu ya kidonda. Sasa aliyeungua mwili karibu wote, hiyo ngozi itatoka wapi? Ya mtu mwingine hukataliwa na mwili baada ya muda. Swali hilo lilimkera daktari mpasuaji John Burke wa Boston, Marekani, na mwaka wa 1969 akaanza kushirikiana na Ioannis Yannas, mzaliwa wa Ugiriki, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha MIT.

Kisa chao kina kichekesho. Yannas alikuwa akitafuta utando wa kufanya kidonda kijifunge haraka. Kati ya tando alizojaribu kwa wanyama, mmoja ulifanya kinyume kabisa: kidonda kilichelewa kujifunga. Mwingine angeutupa jaani. Yeye akachungulia chini yake, na lo! Kingo zilipoacha kuvutana, mwili ulikuwa umepata nafasi ya kujenga demisi mpya mahali pa kovu.

Utando wenyewe hutengenezwa hivi. Kolajeni hutolewa kwenye kano za ng'ombe, ikachanganywa na kitu kingine kitokacho katika gegedu la papa. Mchanganyiko hugandishwa kwa baridi kali, na barafu iliyo ndani huondolewa ikiwa mvuke, bila kupitia hali ya maji. Pale barafu ilipokuwa, panabaki vitundu. Kinachopatikana ni sifongo jembamba, na juu yake hubandikwa utando wa silikoni ili kuzuia maji ya mwili yasipotee na viini visiingie. Vitundu hivyo vina kipimo chake, kati ya sehemu 20 na 125 za elfu moja ya milimita. Vikiwa vidogo mno seli haziingii. Vikizidi ukubwa, seli hazipati pa kutosha pa kushika.

Daktari hukata nyama yote iliyokufa, kisha hushonea sifongo mahali pake. Kwa muda wa wiki mbili au tatu seli za mgonjwa na mishipa yake ya damu huingia vitunduni na kuanza kujenga. Sifongo chenyewe huyeyushwa na mwili polepole. Ni kama zile mbao za mafundi wa nyumba, ila hizi hujiondoa zenyewe ukuta ukisimama. Baadaye silikoni hubanduliwa na kubandikwa epidemisi ya mgonjwa, nyembamba sana, kiasi kwamba paja lililokwanguliwa hupona upesi na laweza kukwanguliwa tena.

Mwaka wa 1981 Burke, Yannas na wenzao walitangaza matokeo ya wagonjwa 10 walioungua kati ya asilimia 50 na 95 ya mwili. Serikali ya Marekani iliidhinisha bidhaa hiyo, Integra, mwaka wa 1996. Hata hivyo si muujiza. Ngozi hiyo haioti nywele wala haitoi jasho, kwa hivyo mwenyewe huteswa na joto. Isitoshe, ni ghali ajabu, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo kovu lake kubwa.

Labda ndiyo sababu madaktari wa mji wa Fortaleza, Brazili, katika miaka ya 2010, waliigeukia ngozi ya samaki, tena tilapia wa Nile, huyu huyu tunayemla Kisumu kwa ugali. Ngozi yake ina kolajeni tele, na huko hutupwa ovyo. Huoshwa kwa dawa za kuua viini, ikafungwa juu ya jeraha lisilo la kina sana, na mgonjwa huepuka uchungu wa kubadilishiwa bendeji kila mara. Hiyo ni bendeji tu, haijengi demisi. Na mwanachama mmoja wa chama chetu aliyekwisha kuniuliza kama tunaweza kuchukua ya pale jikoni, jibu ni hapana, bwana. Ile ya jikoni ina viini chungu nzima.