Kabla ya Kummwagia Mbwa Mchuzi Uliobaki

Mkazi wa Free Area, mbwa wako akianguka ghafla, usiharakishe kumshuku jirani kuwa ametega nyama yenye sumu. Kagua kwanza sufuria na pipa lako la taka.

Wengi wetu huwapa mbwa ugali na mchuzi uliobaki. Shida ni kitunguu. Kiwe kibichi au kimekaangwa, huharibu chembe nyekundu za damu, na kitunguu saumu ni kikali zaidi. Kwa mbwa wa kilo 5, gramu 75 zaweza kumdhuru: kitunguu kimoja kidogo tu. Dalili huchelewa siku kadhaa (ufizi kupauka, unyonge, mkojo wa kahawia), na kufikia hapo nani anaukumbuka mchuzi wa Jumatatu? Mtengee chakula chake kabla hujakaanga vitunguu.

Zailitoli haingoji hivyo. Hutiwa badala ya sukari katika baadhi ya chingamu, dawa za meno na siagi ya karanga. Sisi haitudhuru, lakini mwili wa mbwa humwaga insulini nyingi na sukari ya damu hushuka, mara nyingi ndani ya saa moja. Atatapika, atayumba, atatetemeka. Ini nalo laweza kuharibika. Kwenye pakiti, tafuta neno xylitol au namba E967.

Zabibu, hata zilizokaushwa, chokoleti na makadamia pia usimpe.

Akishakula, usimnyweshe maji ya chumvi wala mafuta. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja, na ubebe pakiti yenyewe.