Kitenzi na Mkia Wake

Mdogo wangu wa Kirando, umeniuliza kwa nini kila ukijipima kwa mitihani ya Kiingereza ya miaka iliyopita unaangukia palepale, kwenye kuchagua kitenzi sahihi, ilhali msamiati unaujua. Nakuamini kwamba unaujua.

Sisi tuliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili tunaingia kidato cha kwanza na sarufi kamili kichwani, na ndiyo tunayojibia. Tunajadili kuhusu jambo, basi unaandika "discuss about", kumbe "discuss" imeshameza hiyo "kuhusu". Binti ameolewa na mvuvi, nawe unaandika "married with". Kiingereza kinataka "married to".

Lakini Kiswahili hichohicho kinaweza kukushika mkono. Angalia funga, fungua, fungia, fungana. Mzizi mmoja, mwisho ukibadilika, maana nayo imehama. Kiingereza hufanya hivyo kwa kineno kinachofuata: "look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look into" ni kuchunguza. Kwa hiyo usikariri "look" peke yake. Ikariri na mkia wake.

Sasa nikwambie lililonikosesha alama mimi mwenyewe kidato cha nne, tena nikiwa na uhakika kabisa: "I look forward to see you". Kipimo nilikijua baadaye sana. Weka jina la kitu baada ya "to": "I look forward to Christmas". Imekaa vizuri, sivyo? Basi kitenzi kikija mahali hapo lazima kivae "-ing": "to seeing you".

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo soma polepole. "My father used to fish at night": baba alikuwa akivua usiku, siku hizi ameacha. "My father is used to fishing at night": baba amezoea kuvua usiku, na huenda hata leo taa yake iko ziwani akisubiri dagaa. Kineno "is" na hiyo "-ing" ndivyo vinavyomrudisha baba kazini.

Mtihani wa Novemba hauko mbali. Ukikosa swali, usiandike herufi ya jibu tu. Nakili sentensi nzima iliyo sahihi, kisha tunga yako ya nyumbani kwenu, ya nyavu, ya mwalo, ya bibi. Nitumie tano za kwanza. Nitazisoma zote.