Kabla Hujachemsha Udongo wa Kitalu: Ushauri kwa Wakuza Miche wa Nchi Kame

Mche unaoanguka ukiwa na majani mawili tu, shina limeoza usawa wa udongo, umeuawa na kinyausi. Kuvu wa ugonjwa huu wengi hufa udongo ukipashwa mvuke wa nyuzi 60 hadi 70 za selsiasi kwa nusu saa. Ndiyo maana wakuza miche huchemsha udongo kwenye pipa, au huufunika kwa nailoni angavu juani wiki 4 hadi 6. Kwa mbegu ndogo kama za mshubiri, kazi hiyo ina faida.

Lakini mvuke haubagui. Unaua pia kuvu rafiki wanaoishi kwenye mizizi ya mgunga, mkwaju na mshubiri wenyewe, na katika nchi kame, hiyo ni hasara kubwa. Fosforasi haitembei kwenye udongo mkavu: mzizi ukishamaliza iliyo karibu, unabaki na njaa. Nyuzi za kuvu hupenya vitundu ambamo mzizi hauingii, zikauletea mmea fosforasi na maji, nao mmea ukawalipa kuvu sukari. Mche wa udongo uliochemshwa unaweza kupendeza kitaluni kwa sababu unamwagiliwa. Taabu huja ukipandwa Turkana au Garissa, hasa pale upepo na maji vilipokwisha kuchukua udongo wa juu, maana huko nako kuvu hao ni haba.

Katika udongo uliochemshwa, mgunga hukosa pia bakteria wa vinundu vya mizizi. Ng'oa mche mmoja wa miezi 3, osha mizizi taratibu, pasua kinundu kwa ukucha. Ndani pakiwa na rangi ya waridi, bakteria wanatwaa naitrojeni ya hewani. Pakiwa peupe, au usipoona kinundu kabisa, mche huo unategemea mbolea yako tu.

Kwa hiyo chemsha udongo wa tuta la kusia peke yake, na usizidishe moto, maana joto kali huachilia manganizi na amonia zinazounguza mizizi michanga. Udongo wa viriba uache. Nenda chini ya mgunga mkubwa wenye afya, chimba sentimita 5 hadi 15, chota udongo pamoja na vijizizi vyake, uchanganye sehemu 1 kwa 10. Uweke kivulini, uutumie siku hiyo hiyo. Mbolea ya DAP usiitie kwa wingi: mche ulioshiba fosforasi hauwakaribishi kuvu.