Kontena ni Kuta Tu: Mafunzo Niliyopata Nikibuni Nyumba Ndogo Kigamboni

Makontena yanayochoka na safari za baharini tunayaona kila kona ya Dar es Salaam. Yamekuwa maduka, stoo za saiti, saluni na ofisi. Familia yangu iliponitaka nichore nyumba ndogo ya kuishi Kigamboni, kwenye kiwanja cha mchanga kisicho mbali na bahari, tulikubaliana kutumia makontena mawili ya futi 20. Haya niliyojifunza nayaandika kwa ajili ya yeyote anayefikiria njia hiyo, hasa sisi wa Pwani. Yote yana mzizi mmoja: kontena lilibuniwa kulinda mzigo, na mzigo hauhitaji kivuli wala upepo. Binadamu anavihitaji vyote viwili, na kazi ya mchoraji ni kumpatia.

1. Pima kitanda kabla ya kuchora ukuta

Upana wa kontena kwa ndani ni mita 2.35. Ukibandika tabaka la kuzuia joto na mbao za kufunikia pande zote mbili, unabaki na mita 2.2 na kidogo. Kitanda cha sita kwa sita kina upana wa mita 1.83, kwa hiyo njia inayobaki ni sentimita 40, na mtu atapita kwa ubavu. Cha tano kwa sita, kikisukumwa hadi ukutani, kinaacha njia ya sentimita 70, nacho ndicho tulichochagua.

Urefu wa kwenda juu nao uhesabu. Kontena la kawaida lina mita 2.39 kutoka sakafuni hadi darini. Yapo marefu zaidi kwa sentimita 30, lakini mengi ya aina hiyo ni ya futi 40. Ukishusha dari, panga boi la juu linakuwa hatari kwa mtu mrefu. Sisi tuliweka kizuia joto cha juu nje ya kontena, chini ya bati, na mapanga boi tukayafunga ukutani.

2. Nafasi iliyo kati ya makontena ndiyo sebule

Hili ndilo lililonifungua macho kuliko yote. Ndani ya kontena la futi 20 unapata takriban mita za mraba 14. Tukayapanga makontena mawili sambamba, tukaacha mita 3 katikati, tukaezeka juu ya yote. Nafasi ile ya katikati ina mita za mraba 18. Ni kubwa kuliko kontena lolote kati ya yale mawili, na haikuhitaji kununua kontena la ziada.

Kontena moja likawa vyumba viwili vya kulala, la pili jiko, stoo na bafu. Kula, kuzungumza, kupokea wageni na watoto kucheza, yote yanafanyika pale katikati. Watu wa Pwani tumekulia barazani na uani. Chumba kimekuwa mahali pa kulala na kutunzia vitu. Ramani inayomlazimisha mtu kushinda ndani ya chuma inapingana na maisha yake.

3. Ujue upepo wako kwa jina

Dar es Salaam ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, wakati joto liko juu, ikitokea kaskazini-mashariki. Kusi hufuata masika, ikitokea kusini-mashariki. Mdomo wa sebule yetu ukaangalia mashariki, ukizipokea zote mbili kwa pembe.

Kwa mpangilio huo kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, na kuta fupi ndizo zinazopigwa na jua la asubuhi na la jioni. Jua hilo huja likiwa chini, halizuiliki kwa upenu. Afadhali likute chuma kidogo. Madirisha tuliyaweka pande zote mbili za kila kontena, yakitazamana, kwa sababu dirisha moja peke yake halipitishi upepo.

4. Paa la kontena si paa la nyumba

Bati la juu la kontena lina unene wa milimita 2 hivi. Jua la saa sita mchana likilipiga moja kwa moja, joto lote linashuka kwa aliye chini yake. Usiku chuma hicho hicho hupoa haraka kuliko hewa, na mvuke wa pumzi na wa sufuria hugeuka matone darini. Feni haitibu hali hiyo, na kiyoyozi kitakutafunia luku kila siku.

Dawa ni paa la pili. Tuliinua kenchi za chuma juu ya makontena, tukaacha nafasi ya nusu mita iliyo wazi pembeni ili hewa ya moto itoke, tukaezeka bati la rangi nyeupe linalorudisha jua. Upenu tukautoa mita 1 kila upande, na ukuta ukapata kivuli. Kenchi zilifungwa imara kwenye fremu ya makontena, na uzito wa makontena hayo unazuia upepo usiling'oe paa.

Paa hilo lina faida ya pili. Lina eneo la karibu mita za mraba 80, kwa hiyo kila milimita 1 ya mvua inakupa takriban lita 80. Masika ikikolea, tangi linajaa upesi. Ila tangi lisiwekwe juu ya kontena. Liweke chini, kwenye jukwaa lake.

5. Kila tundu linakula nguvu

Kontena linabeba uzito kwa nguzo zake nne za pembeni. Ndiyo sababu bandarini hupangwa moja juu ya jingine, pembe juu ya pembe. Mikunjo ya ukuta ndiyo inayoifanya fremu isiyumbe, na ukiukata unaipunguzia uimara. Kwa hiyo kila mlango na dirisha tuliuzungushia fremu ya bomba za chuma za mraba, iliyochomelewa kabla fundi hajashika grinda kukata. Matundu yote yawepo kwenye ramani, hata ya feni na mabomba ya maji. Tundu linalobuniwa saiti huangukia pasipofaa.

6. Anzia chini

Sakafu ya kontena ni plaiwudi ya milimita 28, na mara nyingi imetiwa dawa ya kuua wadudu. Soma kibati cha chuma kilichopo mlangoni; huenda dawa hiyo imeandikwa. Ing'oe au izibe kabisa kabla ya kuweka sakafu yako, hasa mkiwa na mtoto anayetambaa. Kontena lenyewe liketi juu ya vitako vya zege kwenye pembe nne, nusu mita kutoka ardhini, maji ya mvua yapite na fundi aweze kuingia kupaka rangi chini.

7. Chumvi na umeme havisamehe

Chuma cha makontena huvumilia kutu kuliko chuma cha kawaida, lakini hewa ya bahari haikiachi salama, na kila ukingo uliokatwa unaanza kuliwa. Tulipaka rangi ya zinki siku hiyo hiyo ya kukata, kisha rangi ya juu. Kuhusu umeme: ukuta wako wote unapitisha umeme. Kila kontena lifungwe waya wa ethi, na swichi kuu iwe ya kukata umeme unapovuja. Hapa usimwite fundi kwa kuangalia bei.

8. Tembea njia ya lori kwanza

Kontena tupu la futi 20 lina takriban tani 2.3. Angalia mchanga, kona, matawi na nyaya zinazoning'inia, na mahali kreni itakaposimama. Shughulikia kibali cha ujenzi mapema, ukiwa na mchoro kamili mkononi.

9. Fanya hesabu ya nyumba nzima

Wengi huvutiwa na bei ya kontena tupu. Hiyo ni bei ya kuta. Bado kuna usafiri, kreni, kuchomelea, madirisha, kizuia joto, paa, maji na umeme. Kama kiwanja ni chako, tofali zinapatikana jirani na huna haraka, nyumba ya tofali inaweza kukufaa zaidi. Kontena lina sababu yake kwa anayetaka kuhamia mapema, anayehofia wizi wakati wa ujenzi, au anayejenga mahali ambapo huenda akahama na nyumba yake.

Ukishaamua kuingia humo, na fedha iliyobaki mkononi inatosha kitu kimoja tu kati ya kontena la pili na paa, nunua paa.