Kuchagua Tairi la Baiskeli Linalodumu: Somo kwa Vyama Vyenye Timu za Mbio

Baiskeli ya mbio hugusa barabara mahali pawili tu, na kila mahali ni eneo lisilozidi sana ukubwa wa kidole gumba. Nguvu yote ya mwendeshaji, breki zake zote na usalama wake katika kona hupitia hapo. Hata hivyo si ajabu kukuta chama kilichotumia fedha nyingi kununua baiskeli nzuri kikiwaachia vijana wake wachukue tairi lolote lililo rahisi dukani. Somo hili limekusudiwa makatibu wa vyama ambavyo wanachama au watoto wao wamo katika mbio za baiskeli, pamoja na vyama vinavyonunua vipuri kwa pamoja. Mengi ya yaliyomo yatamfaa hata yule anayepeleka maziwa kituoni kila asubuhi.

Ushirika na mbio za baiskeli si mambo yaliyo mbalimbali kama yanavyodhaniwa. Mwaka 2005 Tom Ritchey, muundaji mashuhuri wa baiskeli kutoka California, alizuru Rwanda, na baadaye akabuni baiskeli ndefu ya mizigo kwa ajili ya wakulima wa kahawa. Kahawa mbivu iliyochumwa hupungua ubora isipofikishwa kwenye kiwanda cha kuoshea katika saa chache, na miguu ya mkulima peke yake haitoshi. Juhudi hizohizo zilizaa mashindano ya baiskeli mwaka 2006, na mwaka 2007 ikaundwa timu iliyofunzwa na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Kutoka katika timu hiyo Adrien Niyonshuti alifika Olimpiki ya London mwaka 2012. Septemba 2025 jiji la Kigali liliandaa mashindano ya dunia ya mbio za barabarani, yakiwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, na washindani walipanda vilima ambavyo baadhi yake vimetandikwa mawe. Barabara za namna hiyo ndizo zinazolipima tairi kwa haki.

Namba zilizoandikwa ubavuni

Jambo la kwanza ni kipimo, na ndipo fedha nyingi za vyama zinapopotelea. Katibu akiagiza “matairi ya inchi 28” hajaagiza kitu kinachoeleweka. Tairi la baiskeli nzito ya kawaida, ile ambayo Kenya hupewa jina la Black Mamba, huandikwa 28 x 1½, nalo hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635. Tairi jingine lililoandikwa 28 x 1⅝ x 1⅜ hukaa kwenye rimu ya milimita 622, ambayo ndiyo rimu ya baiskeli za mbio za leo ziitwazo 700C. Baiskeli za mbio za zamani zilitumia 27 x 1¼, yaani milimita 630. Macho hayawezi kuzitofautisha rimu hizi kwa urahisi, lakini tairi hutambua.

Tairi dogo kwa rimu kubwa halitaingia, na hasara yake ni fedha tu. Hatari ni kinyume chake. Tairi la 635 au la 630 likivalishwa rimu ya 622 litaingia kwa ulaini, fundi asiye mwangalifu atafurahi, na upepo utajazwa. Waya wa ukingo wa tairi hautashikwa na rimu, na wakati wowote tairi laweza kuchomoka na tyubu kupasuka. Likitokea hilo uani, watu watashtuka kwa mlio. Likitokea mteremkoni, mtu ataanguka.

Dawa ni kuagiza kwa kipimo cha kimataifa ambacho huandikwa ubavuni mwa tairi kwa tarakimu mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 28-622. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi katika milimita, na ya pili ni kipenyo cha rimu mahali ukingo wa tairi unapokaa. Tarakimu ya pili haina mjadala: lazima ilingane na ya rimu. Ya kwanza yaweza kubadilika kidogo, mradi tairi lisiguse fremu wala breki. Yampasa katibu aandike tarakimu hizo katika hati ya kuagiza bidhaa, wala asikubali kupokea mzigo kabla ya kufungua bunda na kusoma.

Tairi limetengenezwaje

Tairi lina sehemu nne. Kwenye kingo zake mbili mna waya wa chuma, au kamba ya aramidi katika matairi yanayokunjika. Mwili wake ni kitambaa cha nyuzi, kwa kawaida nailoni, na katika matairi machache ya bei kubwa, pamba. Juu ya kitambaa hicho hubandikwa mpira wa kukanyagia. Kati ya kitambaa na mpira, matairi yaliyokusudiwa kudumu huwekewa utepe wa kuzuia miiba na vigae.

Watengenezaji hupenda kutangaza idadi ya nyuzi kwa kila inchi. Nyuzi nyingi maana yake ni nyuzi nyembamba: tairi huwa laini, jepesi, nalo hupita juu ya kokoto kwa urahisi. Hilo ni tairi la siku ya mashindano. Lenye nyuzi chache na nene, kwa mfano 60, ni gumu zaidi na zito, lakini ubavu wake hustahimili kukwaruzwa. Mnunuzi aelewe pia kwamba baadhi ya viwanda hujumlisha nyuzi za tabaka zote tatu na kutangaza jumla yake. Tairi la tabaka tatu zenye nyuzi 110 kila moja huuzwa likiitwa la nyuzi 330. Si uongo, lakini halilingani na tairi la tabaka moja lenye nyuzi 320 za pamba.

Mpira wenyewe ni mchanganyiko. Masizi ya kaboni ndiyo yanayoupa weusi na uwezo wa kustahimili kusagika. Silika husaidia kushika barabara iliyolowa. Mpira mgumu hudumu na kuteleza, ule laini hushika na kuisha. Hakuna kiwanda kilichoweza kuikimbia sheria hii kabisa, ingawa wote hudai hivyo katika matangazo. Kwa barabara za lami mistari na michoro juu ya tairi haina kazi kubwa, kwa kuwa tairi la baiskeli ni jembamba mno kuelea juu ya maji kama la gari. Michoro ina maana kwenye udongo na matope.

Utepe wa kinga ndio unaolitofautisha zaidi tairi la mazoezi na la mashindano. Katika barabara kuu za Afrika Mashariki adui si mwiba wa mgunga peke yake. Ni vipande vyembamba vya waya vinavyotoka katika matairi ya malori yaliyopasuka, ambavyo hulala pembezoni mwa lami, palepale waendesha baiskeli wanapopita. Vipande hivi ni vidogo kama unywele, huingia taratibu, na mara nyingi hubaki ndani ya tairi. Kijana hubadilisha tyubu, akaenda kilomita tatu, akapata pancha tena mahali palepale, akailaumu tyubu. Kabla ya kuweka tyubu mpya ni lazima kupapasa ndani ya tairi lote kwa kitambaa (si kwa kidole kitupu) mpaka kilichotoboa kipatikane.

Hesabu ya gharama

Wajumbe wa kamati huuliza bei, na ni haki yao. Lakini bei ya tairi si gharama ya tairi. Ichukuliwe hesabu ifuatayo, ambayo namba zake ni za kufundishia tu wala si bei za dukani. Tairi la kwanza lauzwa shilingi 20,000, linakwenda kilomita 2,000, na hupata pancha kila kilomita 250. Hizo ni pancha nane. Kila moja ikigharimu shilingi 1,000, jumla ni shilingi 28,000, yaani shilingi 14 kwa kilomita. Tairi la pili lauzwa shilingi 45,000, linakwenda kilomita 5,000, na hupata pancha kila kilomita 1,000. Pancha tano huongeza shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 50,000, yaani shilingi 10 kwa kilomita. Lililoonekana ghali kwa zaidi ya mara mbili ndilo rahisi, na hapo hazijahesabiwa saa za mazoezi zilizopotea kando ya barabara.

Hesabu hiyo haiwezi kufanywa bila daftari. Kwa kila baiskeli iandikwe tarehe ya kufunga tairi, la mbele na la nyuma, kilomita zilizokwenda, na kila pancha na chanzo chake. Baada ya msimu mmoja chama kitakuwa na ushahidi wake chenyewe, ambao una thamani kuliko maneno ya mwenye duka. Busara ya kawaida ni kununua jozi ngumu kwa mazoezi ya kila siku na kuweka jozi nyepesi kwa mashindano peke yake. Timu isiyoweza kununua jozi mbili ichague ile ngumu, kwa sababu mshindani mwenye tairi zito bado yumo mbioni, na aliyesimama na pancha hayumo.

Upana na upepo

Kwa miongo mingi iliaminiwa kwamba tairi jembamba lililojazwa upepo hadi liwe kama jiwe ndilo lenye kasi, na milimita 23 au pungufu ndicho kilichokuwa kipimo cha mbio. Imani hiyo imeachwa. Upepo ukiwa sawa, tairi pana hubonyea kidogo kuliko jembamba. Na kwenye barabara mbaya tairi gumu mno humrusharusha mwendeshaji, nguvu yake ikapotea katika mtetemo. Leo washindani wa kulipwa hutumia milimita 28 na zaidi, na katika mbio za Paris–Roubaix, zinazopita kwenye barabara za mawe, 30 na kuendelea. Kwa vyama hii ni habari njema, maana tairi pana hudumu zaidi na huilinda rimu.

Upepo hutegemea uzito. Mwendeshaji wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 25 aweza kuanzia baa 6 hivi, yaani ratili 87 kwa inchi ya mraba. Mwenye tairi la milimita 28, baa 5. Mzito aongeze, mwepesi apunguze, na la mbele liwe na upepo kidogo kuliko la nyuma, kwa kuwa gurudumu la nyuma hubeba sehemu kubwa ya uzito. Kikomo kilichoandikwa ubavuni kisipitwe, na baadhi ya rimu mpya zisizo na midomo ya kushika tairi haziruhusu zaidi ya baa 5 kwa tairi lolote. Upepo ukipungua sana, tyubu hubanwa kati ya shimo na rimu, ikatoboka matundu mawili yanayokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Pancha ya namna hiyo hailetwi na tairi bovu. Pampu yenye geji, iliyonunuliwa na chama, huimaliza.

Matairi yasiyo na tyubu, yanayotiwa maji ya kuzibia matundu, yameenea katika mbio kubwa. Yana faida, lakini maji hayo hukauka na kuhitaji kuongezwa kila baada ya miezi michache, upesi zaidi penye joto, na kuyakalisha tairi kwenye rimu hutaka upepo wa nguvu. Kwa chama kilicho mbali na mji, tyubu bado ni uamuzi wa busara.

Tairi la mbele

Tairi la nyuma huisha kwanza. Huwa bapa katikati, likapoteza mviringo wake, na hatimaye nyuzi zikaonekana. Wengi basi hulihamishia mbele ili “limalizike”. Hilo halifai hata kidogo. Tairi la nyuma likipasuka, mwendeshaji mwenye ujuzi aweza kusimama. La mbele likipasuka katika kona, hana la kufanya. Utaratibu sahihi ni kulitupa la nyuma lililokwisha, kulihamishia nyuma lile la mbele, na kufunga jipya mbele.

Katika Tour de France ya 2003, tarehe 14 Julai, Joseba Beloki wa Uhispania, aliyekuwa miongoni mwa waliotazamiwa kushinda, alikuwa akiteremka kuelekea mji wa Gap kwenye lami iliyoyeyuka kwa joto. Tairi lake la nyuma, la aina inayogundishwa kwa gundi, likachomoka kwenye rimu. Alivunjika mfupa wa paja, kiwiko na kifundo cha mkono, na hakuwahi kurudia kiwango chake cha awali. Yeye alikuwa na mafundi bora wa dunia nyuma yake. Kijana wa chama, anayeteremka kutoka mlimani akibana breki za rimu muda mrefu hadi rimu ipate moto, hana gari la mafundi. Ana ukaguzi uliofanywa kabla ya kuondoka. Ukaguzi huo ni wa dakika mbili: kuzungusha gurudumu polepole, kutafuta uvimbe, mipasuko na nyuzi zilizojitokeza, na kuangalia kama breki inakwangua ubavu. Lenye uvimbe liondolewe siku hiyohiyo.

Matairi ya akiba yawekwe ghalani mahali penye giza na ubaridi, mbali na jua, mafuta na mota za umeme, ambazo hutoa hewa ya ozoni inayopasua mpira. Yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi: Ni tarakimu zipi zimeandikwa ubavuni mwa matairi yaliyomo ghalani sasa, na je, zinalingana na rimu za baiskeli za wanachama? Katika pancha kumi za mwisho za timu, ngapi zilitokana na waya, ngapi na miiba, na ngapi na upungufu wa upepo? Nani katika chama ana mamlaka ya kumzuia kijana asishindane kwa sababu ya tairi la mbele lililokwisha, hata ikiwa ni asubuhi ya mashindano?