Saa Mbili za Mtoto Anyonyaye

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, mama wa Mbagala katika Wilaya ya Temeke yuko kituoni akingoja basi. Mwenzake wa Bunju, Wilaya ya Kinondoni, naye yuko vivyo hivyo. Huyu ni mwuguzi, yule ni karani wa benki. Wote wawili wamewaacha watoto wachanga nyumbani, na kazi zao ziko mjini. Jioni wakirudi, giza limekwisha kuingia. Watu huwatazama na kusema, “Amechagua kazi, amemwacha mwana.” Je, hukumu hiyo ni ya haki? Tuipime kwa hesabu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Aweza kuianza majuma manne kabla ya siku anayotazamia kujifungua. Afanyaye hivyo, akajifungua kwa siku yake, hubakiwa na siku 56 tu. Arudipo kazini, mtoto ana majuma manane. Nalo Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, pasipo hata maji, mpaka atimize miezi sita. Basi hapo katikati pana miezi kama minne ya kuvukwa.

Watunga sheria hawakulisahau jambo hilo. Sheria hiyo hiyo yaagiza kwamba mama aruhusiwe kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, muda usiozidi saa mbili kwa siku. Ni agizo jema. Lakini mtoto yuko Mbagala, na mama yuko Posta! Katika msongamano wa Barabara ya Kilwa, au ile ya Bagamoyo, saa hizo mbili zaweza kwisha njiani kabla mama hajampakata mwanawe. Haki ya mtoto huliwa na barabara.

Kwa hiyo tusiulize kama mama huyu ampenda mwanawe. Mapenzi hayafupishi njia. Jambo hili lataka mikono mingi.

Kwanza, mama mwenyewe. Sheria yamtaka ampe mwajiri taarifa miezi mitatu kabla ya kujifungua, pamoja na cheti cha mganga. Papo hapo wapatane saa zile mbili zitatumikaje. Tena ajifunze kukamua maziwa kwa mikono safi kabla likizo haijaisha. Maziwa hayo yasiachwe nje kupita saa nne, na katika joto la pwani ni heri yanywewe mapema zaidi. Katika jokofu hukaa hata siku nne. Mtoto anyweshwe kwa kikombe safi.

Pili, baba. Sheria yampa siku tatu za likizo mtoto azaliwapo, lakini ubaba haumaliziki siku ya nne. Mume arudiye kazini pamoja na mkewe, kisha akaketi kungoja chakula, amemtwisha mwenzake kazi mbili, na yeye ameshika moja. Kuchota maji na kumwogesha mtoto hakumpunguzii mtu heshima.

Tatu, mwajiri. Chumba kidogo chenye mlango, kiti na jokofu si gharama kubwa kuliko kumpoteza mtumishi aliyekwisha ijua kazi.

Nne, yule abakiye na mtoto nyumbani. Mara nyingi ni binti aliyetoka kijijini. Naye ana mama yake. Sheria yakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Na aliyetimiza umri apewe mshahara wake, usingizi wake na siku ya kupumzika. Si haki mtoto mmoja alelewe kwa kumwonea mtoto wa mwingine.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Basi usiku wa leo, mtoto akisha kulala, mume na mke waketi pamoja wahesabu: ni nani hapa nyumbani aamkaye wa kwanza, na ni nani alalaye wa mwisho? Ikiwa kila siku ni mtu yule yule, wajue pa kuanzia.